Usihesabu Matoleo, Soma Kalenda

Timu inayoanza kujenga mfumo mpya wa kompyuta, uwe wa mapato ya halmashauri au wa duka la dawa, hufika siku ya kuchagua zana: lugha ya kuandikia programu, kihariri cha msimbo, kanzidata, na maktaba za msimbo zilizokwisha kuandikwa na watu wengine. Jedwali huchorwa, na ndani yake safu moja hupewa uzito kuliko inavyostahili: toleo la mwisho lilitoka lini, na kwa mwaka hutoka matoleo mangapi. Zana yenye matoleo mengi huhesabiwa kuwa hai. Yenye matoleo machache huambiwa imezeeka, au imekufa kabisa. Naona kipimo hiki kinapotosha, na kwa kuwa huamua fedha na kazi za watu kwa miaka mingi mbele, kinahitaji kuchambuliwa.

Tatizo la kwanza ni kwamba zana mbili haziiti kitu kimoja toleo. Chukua Vim, kihariri cha maandishi kinachopendwa na wasanidi wengi wa mifumo ya Linux. Toleo la 8.2 lilitoka Desemba 2019, na la 9.0 Juni 2022. Anayehesabu matoleo makubwa ataona kimya cha miaka miwili na nusu. Lakini katika muda huo kila rekebisho dogo lilipewa namba yake, na namba hizo zilipita 5,000. Kwa hiyo Vim ni zana isiyotoa chochote au zana inayotoa kitu kipya kila siku? Inategemea umeamua kuhesabu nini. (Kwa sisi wa Afrika Mashariki, Vim ina jambo jingine la kukumbukwa. Mwanzilishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliwahi kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda, katika miaka ya 1990, na tangu hapo akawaomba watumiaji wote wa Vim, badala ya kumlipa yeye, wachangie watoto wa huko. Ombi hilo hukutana nalo ukifungua Vim bila faili lolote. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na kihariri chake bado kinatunzwa na watu wa kujitolea.)

Upande wa pili kabisa yuko Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford na programu yake TeX, ya kupanga kurasa za vitabu, hasa vya hisabati. Mwaka 1990, baada ya toleo la 3, Knuth alitangaza kwamba TeX imekamilika: hakuna kitu kipya kitakachoongezwa, zitarekebishwa dosari tu. Tangu hapo kila toleo huongeza tarakimu moja ya pai. La 2014 lilikuwa 3.14159265, na lililofuata, la 2021, likawa 3.141592653. Miaka saba kati ya toleo na toleo! Kwenye jedwali letu TeX ingefutwa mapema, wakati wanahisabati wa dunia nzima wanaitegemea hadi leo kuandika makala zao. Programu hiyo haitoi matoleo kwa sababu kazi iliyokusudiwa imekwisha kufanywa, na imefanywa vizuri.

Kwa hiyo wingi wa matoleo, ukiutazama peke yake, haukuambii kitu. Kinachosema jambo ni mwendo: je, matoleo yana tarehe inayojulikana, au hutoka yanapotoka? Hapa historia ya lugha ya Java ina mengi ya kufundisha.

Java 6 ilitoka Desemba 2006. Java 7 ikafuata Julai 2011, karibu miaka mitano baadaye. Java 8 ikaja Machi 2014, na Java 9 Septemba 2017. Kila toleo lilikuwa daladala linalosubiri lijae: kulikuwa na jambo kubwa lililotangazwa kwamba lazima liwemo, na mpaka likamilike, mambo madogo yote yaliyokuwa tayari yalikaa kituoni. Mfano mchungu ni mpango wa kuigawa Java katika moduli. Ulikusudiwa uingie kwenye Java 7, ukaahirishwa hadi Java 8, ukaahirishwa tena, na hatimaye ukaingia Java 9. Mabadiliko yalipofika yalifika kwa kishindo. Maktaba nyingi zilikuwa zimezoea kuchungulia sehemu za ndani za Java ambazo sasa zilianza kufungwa, na kampuni nyingi zikaamua kubaki na Java 8 kwa miaka kadhaa kuliko kuhangaika na uhamisho huo.

Septemba 2017, Mark Reinhold, msanifu mkuu wa Java katika kampuni ya Oracle, alipendekeza kubadili mtindo. Kuanzia hapo Java ingetoka kila baada ya miezi sita, Machi na Septemba, kilicho tayari kiingie na kisicho tayari kingoje. Wasanidi huuita mtindo huu treni: huondoka kwa saa yake, na aliyechelewa hupanda inayofuata. Java 10 ilitoka Machi 2018, na treni hiyo haijakosa safari hadi Java 25 ya Septemba 2025. Faida kubwa ilikuwa utulivu ndani ya timu, zaidi ya kasi yenyewe. Msanidi anayejua kwamba nafasi nyingine itakuja baada ya miezi sita halazimiki kupenyeza kazi iliyoiva nusu. Anayejua kwamba nafasi nyingine ni baada ya miaka mitatu hufanya kila awezalo aingie, na dosari huingia pamoja naye.

Hata hivyo, anayeandika kwenye jedwali kwamba Java ina matoleo mawili kwa mwaka atakuwa amesema nusu tu ya ukweli. Benki na mashirika makubwa hayahami kila miezi sita. Yanaruka kutoka toleo moja linalotunzwa muda mrefu hadi jingine: 11, kisha 17, kisha 21, kisha 25. Kwao Java hutoka kila baada ya miaka miwili au mitatu.

Lugha ya Rust imeusukuma mtindo wa treni mbali zaidi. Tangu toleo lake la 1.0 la tarehe 15 Mei 2015, hutoa toleo imara kila baada ya wiki 6. Msomaji asiye wa fani hii anaweza kufikiri kwamba wanaoandika kwa Rust hawalali. La hasha. Pamoja na 1.0 ilitolewa ahadi kwamba msimbo uliokubaliwa na kompaila (programu inayoutafsiri msimbo kwa mashine) leo utaendelea kukubaliwa kesho, isipokuwa pale ambapo kuna kosa la usalama wa lugha yenyewe. Ahadi hiyo ina watu na mitambo nyuma yake. Kabla ya badiliko lenye wasiwasi kupitishwa, programu iitwayo Crater huchukua maelfu na maelfu ya miradi iliyo hadharani na kuijenga upya kwa kompaila mpya, ili ionekane ni mingapi itavunjika. Na lugha inapohitaji kweli kubadili kanuni zake, mabadiliko huwekwa kwenye mafungu yenye majina ya mwaka: 2015, 2018, 2021 na 2024. Mradi huchagua fungu lake, na miradi ya mafungu tofauti huendelea kufanya kazi pamoja. Hivyo zana inayotoa matoleo manane au tisa kwa mwaka ni nyepesi kuifuata kuliko Java ya zamani iliyotoka kwa nadra.

Ukitaka kuona uzito wa toleo la nadra linalovunja mambo, lugha ya Python ndiyo shahidi. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikiwa imebadilisha kwa makusudi mambo ya msingi, namna ya kushughulikia maandishi yasiyo ya Kiingereza yakiwemo. Yalikuwa mabadiliko ya haki, hasa kwetu ambao majina na lugha zetu haziishii kwenye herufi za Marekani. Lakini msimbo wa Python 2 haukuweza kuendeshwa na Python 3 bila kuguswa. Mwisho wa Python 2 ulipangwa kuwa 2015, ukasogezwa, na ukafika tarehe 1 Januari 2020. Miaka kumi na moja dunia nzima ilibeba Python mbili kwa wakati mmoja, na kila mwandishi wa maktaba alilazimika kuziandalia zote mbili. Funzo hilo lilieleweka. Tangu 3.9 ya 2020, Python mpya hutoka kila Oktoba, hubadilika kidogo kidogo, na kila toleo hutunzwa kwa miaka mitano.

Usalama ndio hoja inayotajwa zaidi na wanaopenda matoleo ya haraka, nayo ina ukweli. Dosari ikigunduliwa, unataka kiraka leo. Lakini takwimu za matoleo hapo pia zinaweza kusomwa kinyume. Desemba 2021 ilitangazwa dosari ya hatari katika Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, iliyokuwa imejificha ndani ya seva zisizohesabika. Ndani ya mwezi huo, katika mkondo wake mkuu, yalitoka matoleo manne: 2.15.0 ilikuja na tiba, ikaonekana haitoshi, ikafuata 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1. Ukichora matoleo ya Log4j kwa miezi, mwezi mbaya kuliko yote katika historia yake ndio utaonekana wenye uhai zaidi.

Kisa cha xz kinaniuma zaidi. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja. Mwaka 2022 walijitokeza watu katika mawasiliano ya mradi wakimlaumu kwamba maboresho yanachelewa, na kwamba mradi unahitaji mtunzaji mwenye muda. Aliyekuwa akijitolea kusaidia, kwa jina ambalo leo huaminika kuwa la bandia, akapewa mamlaka taratibu. Februari na Machi 2024 zikatoka 5.6.0 na 5.6.1, zikiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, na hakukubali kulipuuza jambo hilo. Alilitangaza tarehe 29 Machi 2024. Waliokuwa wamepokea matoleo hayo ni hasa wale wa mikondo ya majaribio ya Linux, inayochukua kila kipya kinapotoka. Debian imara, mfumo wa Linux unaosifiwa na kulaumiwa kwa uzito wake wa kubadilika, haikuwa nayo. Lawama ya kwamba zana hutoa matoleo polepole ilikuwa sehemu ya shambulio lenyewe. Kila ninapomsikia mtu akimshinikiza msanidi wa kujitolea kwa sababu hajatoa toleo mwaka huu, namkumbuka mtunzaji yule.

Kwa vihariri vya msimbo, uamuzi wa kusasisha mapema au kuchelewa hauna uzito huo. Visual Studio Code kwa miaka mingi ilikuwa ikitoka kila mwezi, na ukiacha kuisasisha kwa mwezi mmoja hupotezi kitu kikubwa. Kwa anayefanyia kazi kwenye bando la simu, inafaa kujua kwamba kujisasisha kwa kihariri na viongezi vyake kunaweza kuzimwa, na kufanywa siku anapopata intaneti ya ofisini. Marekebisho ya usalama tu ndiyo yasisubiri.

Badala ya safu ile ya kwenye jedwali, ningeweka safu ya tarehe za mwisho. Tuseme mfumo unakabidhiwa Desemba 2026 kwa mkataba wa matengenezo wa miaka mitatu, unaoishia Desemba 2029. Ukijengwa kwa Python 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, toleo hilo litatunzwa hadi Oktoba 2030, kwa hiyo mkataba utakwisha bila kulazimika kuhama. Ukijengwa kwa lugha ya Go, kila toleo hutunzwa mpaka yatoke mengine mawili baada yake, yaani takriban mwaka mmoja, kwa kuwa Go hutoka Februari na Agosti. Timu itahama mara kadhaa, lakini kila uhamisho ni wa kazi ndogo kutokana na ahadi ya upatanifu iliyotolewa na Go 1 mwaka 2012. Kwa Rust, zitapita treni 26 katika miaka hiyo mitatu, na ni toleo la karibuni pekee linalopata marekebisho, kwa hiyo awepo mtu ambaye kusasisha ni sehemu ya kazi yake ya kila mwezi. Na ukijengwa juu ya jukwaa la Node.js 24, utunzaji wake unakoma Aprili 2028, katikati ya mkataba. Tarehe hizi zote hutangazwa hadharani na watengenezaji wenyewe. Zikiingizwa kwenye zabuni, mteja atajua kabla ya kusaini kwamba mwanzoni mwa 2028 kuna siku za kazi za kuhamisha mfumo ambazo lazima zilipiwe, na ni nani atakayezilipia.