Kasuku Anapobisha Hodi

Nimepokea barua ya msomaji wa Mombasa. Mjomba wake, dereva wa malori ya masafa marefu, alirudi kutoka Kisangani miaka mingi iliyopita na kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Mjomba ameshafariki, Mungu amrehemu. Kasuku bado yupo, na kila jioni magharibi ikikaribia hubisha hodi kwa sauti ya marehemu, pamoja na kile kikohozi chake cha kabla ya kuingia ndani. Watoto hucheka. Mkaza mjomba hulia. Msomaji anauliza: kumweka huyu ndege ni kumtunza au ni kumdhulumu? Na nikimfungulia tundu aende zake, nitakuwa nimetenda haki?

Mambo ya chakula na ukubwa wa tundu nayaacha. Daktari wa mifugo atayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimenaswa na neno moja la barua hiyo: hodi.

Kasuku wa kijivu kwao ni misitu ya mvua, kuanzia Ghana, kupitia Kamerun na Kongo, hadi Uganda na pembe ya magharibi ya Kenya, ambako Kakamega wamebaki wa kuhesabika. Katika msitu wa namna hiyo majani yamefumana, na ndege aliye mti wa tatu haonekani. Kinachoshika kundi pamoja ni sauti. Kasuku huita, husikiliza, huitikiwa, huruka.

Ni hodi hasa. Fikiria mgeni aliyesimama nje ya mlango pwani. Haoni ndani, wala wa ndani hawamwoni. Anapaza sauti: hodi! Neno hilo halileti habari wala haliombi kitu. Linauliza tu, mpo? Likirudi "karibu", maana yake ni tupo, na tumekujua kwa sauti. Kukiwa kimya, mgeni hubisha tena, na tena, kisha huondoka na unyonge fulani moyoni. Sasa chukua mtaa mzima ambao kila mtu anabisha hodi kwa wakati mmoja, na milango yenyewe inaruka kutoka mti hadi mti. Nani anamwita nani? Hapo ndipo pana jambo ambalo tangu nilisome sijaacha kulisimulia.

Mwaka 2011 Karl Berg na wenzake walitoa utafiti juu ya kasuku wadogo wa kijani wa Venezuela, wanaotaga ndani ya mabomba ya plastiki yaliyotundikwa na watafiti. Ilijulikana kwamba kila ndege ana mlio wake wa kuitana, na kwamba wenzake humwita kwa kuuiga mlio huo huo. Swali lilikuwa: mlio huo anaupata wapi? Amezaliwa nao, kama rangi ya manyoya, au amefundishwa? Wakabadilisha mayai kati ya kiota na kiota, ili makinda yalelewe na wasio wazazi wao wa damu. Makinda yalipoanza kuita, milio yao ilifanana na ya walezi. Kabla kinda hajaweza kuita kama mkubwa, wanaomlea huwa wameshatoa kiolezo cha mlio. Kinda hukipokea, hukigeuza kidogo, kikawa chake. Kasuku, kwa maneno mengine, hupewa jina nyumbani.

Mlio huo tuuiteje kwa Kiswahili? Nimeona umeandikwa "mwito wa utambulisho", na kila nikiusoma nasikia foleni ya ofisi, picha mbili za pasipoti na alama za vidole. Nilijaribu "mlio-jina", ukanikwama mdomoni. Kisha nikakumbuka lakabu. Lakabu ni jina ambalo mtu hubandikwa na wanaomjua, akaitikia, mwisho akalichukua kuwa lake. Ndivyo hasa wafanyavyo kasuku. Basi katika makala hii kasuku ana lakabu, na ninawasihi walimu wa biolojia walijaribu neno hili darasani.

Kupokea lakabu kunahitaji ubongo wa pekee. Mwaka 2015 watafiti, akiwemo Erich Jarvis, walionyesha kwamba sehemu za kujifunza sauti katika ubongo wa kasuku zimepangika kama embe: kokwa katikati, ambalo mfano wake unapatikana kwa ndege wengine waimbao, na nyama inayolizunguka, ambayo ni ya kasuku peke yao. Kwa embe hilo kasuku wa kijivu hujifunza maisha yake yote. Mwaka 1993 zilichapishwa rekodi za kasuku wawili wa mwituni huko Zaire, na ndani yake mlikuwa na sauti za aina zaidi ya 200, zikiwemo za ndege wengine na hata ya popo. Hakuna aliyewafundisha kwa karanga.

Sasa mlete ndege huyo Mombasa, peke yake. Anabisha hodi kwa lugha ya kwao. Hakuna anayeitika, wenye nyumba wanasikia kelele tu, pengine wanafunika tundu kwa kanga. Siku moja anajaribu sauti ya binadamu. Nyumba nzima inageuka! Wanakuja, wanacheka, wanamjibu. Ameipata hodi inayofungua mlango, na toka hapo ataishika. Kwa hiyo tukimsikia kasuku akisema maneno yetu, tunamsikia mtoto wa kundi ambaye kundi lake halipo, na sisi ndio amebaki nao. Nasi tunasema "anakariri kama kasuku", kana kwamba hana analolitaka.

Wategaji wanaijua hodi hiyo kuliko wanasayansi. Hufunga kasuku hai juu ya mti kama chambo, hupaka ulimbo matawini na kungoja. Aliyefungwa anaita, wenzake wanakuja kumwitikia, wananasa. Wengi hufa kabla ya kufika sokoni. Rekodi za biashara ya kimataifa zinaonyesha zaidi ya kasuku wa kijivu 1,000,000 waliotolewa mwituni, na Ghana, iliyokuwa na makundi makubwa, imepoteza kati ya asilimia 90 na 99 ya wake tangu 1992. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mjini Johannesburg, nchi wanachama zilipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini.

Upweke nao una alama mwilini. Utafiti uliofanyika Austria na kuchapishwa 2014 ulipima telomea, zile ncha za kromosomu zinazofupika kadiri umri unavyosonga. Kasuku wa kijivu waliofugwa peke yao walikuwa na telomea fupi kuliko wa umri wao waliofugwa wawili wawili. Porini kuna mwewe na njaa, ndiyo, na aliyezaliwa tunduni ana hesabu yake. Lakini mwewe hamnyimi kasuku lakabu yake.

Hukumu yangu, ndugu msomaji: kumkamata kulikuwa dhuluma, na kununua mwingine ni kuwalipa wenye ulimbo. Hata hivyo usimfungulie. Mabawa yake yamelegea, kunguru wa Mombasa watamshambulia, na hata akifika mtini atabisha hodi kwa Kiswahili mahali ambapo hapana kasuku wa kumjibu. Wanaorudishwa porini, kama waliopelekwa kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria baada ya kunusurika na walanguzi, hurudi wakiwa kundi.

Nenda ofisi ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, ueleze alivyofika nyumbani, na uulize kama anaweza kupata mwenzake kihalali au kupelekwa mahali penye wenzake. Mpaka hapo asikae chumbani peke yake. Mweke mnapokaa nyote, na mwambie mkaza mjomba kwamba ndege yule hamdhihaki. Jioni akibisha hodi, mwitikieni.