Yai Lililotungwa Chupani Lina Haki Gani?

Tarehe 25 Julai 1978, katika mji wa Oldham huko Uingereza, alizaliwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya tumbo la mamaye. Maulamaa wetu hawakuikimbia habari hiyo. Mwaka 1980 Sheikh Jad al-Haq, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati huo, alitoa fatwa kwamba tiba hii yajuzu maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mkewe, na ndoa ingali ipo. Hapo mimi sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni juu ya wale wanaobaki.

Kwani daktari hatungishi yai moja. Mama hupewa dawa ili mayai yapevuke mengi kwa mara moja. Hutungishwa kadhaa, likarudishwa moja au mawili, na yaliyosalia hutiwa katika baridi kali yakangoja. Hayo ndiyo yanayotamaniwa na watafiti. Mwaka 1998 James Thomson wa Wisconsin, Marekani, alifaulu kutoa seli kutoka viinitete vya siku chache tu, seli ambazo zaweza kugeuka moyo, mishipa ya fahamu au damu. Ni tumaini kubwa kwa wagonjwa, wala sidharau machungu ya mgonjwa. Lakini ili kuzipata seli hizo, kiinitete hufumuliwa kikafa.

Waingereza waliunda kamati chini ya Mary Warnock, nayo mwaka 1984 ikapendekeza kwamba utafiti usipite siku 14 baada ya kutungwa, na mwaka 1990 jambo hilo likawa sheria. Baada ya siku hizo huonekana mstari ambao ndio mwanzo wa umbo la mwili. Nchi nyingi zilifuata. Kisha mwaka 2021 chama cha kimataifa cha watafiti wa seli hizi kikaliondoa jambo la kupita siku 14 katika orodha yake ya mambo yaliyokatazwa kabisa. Sikushangaa.

Kila nikilitaja hili barazani, hatokosi mwenye kunirudi: "Bwana we, sisi roho yapuliziwa siku ya 120. Kabla ya hapo pana nini?" Anakusudia hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim: siku 40 tone, kisha pande la damu mfano wa hizo, kisha pande la nyama mfano wa hizo, ndipo malaika hutumwa. Hadithi ni sahihi. Lakini inatueleza lini roho inaingia. Haikusema kuwa kabla ya hapo ni takataka.

Na sisi wa pwani hii, tulio wengi katika madhehebu ya Shafi, tunaye Imamu Ghazali. Katika Ihya alitofautisha kumwaga nje na kuharibu mimba. La kwanza alilivumilia, kwa kuwa hakuna kilichokwisha kuwapo. La pili alilihesabu ni jinai juu ya kitu kilichopo, na kuwapo kuna daraja: ya kwanza ni tone kutulia katika mji wa mimba likachanganyika na maji ya mwanamke, na kila daraja inayofuata jinai huzidi ubaya. Najua wako Mashafi waliolegeza zaidi yake. Najua pia kwamba Ghazali alitaja mji wa mimba, si chupa. Lakini je, kumtoa kiumbe mahali pake pa himaya kunampunguzia haki?

Tazameni mirathi. Mtu akifa akaacha mke mjamzito, fungu la aliye tumboni husimamishwa mpaka azaliwe. Sharia inamwekea mali mtu ambaye hata jina hana.

Wanavyuoni wa leo hawakukubaliana. Baraza la Fiqhi la Jeddah lilikata shauri mwaka 1990 kwamba, kwa kuwa mayai yasiyotungishwa yaweza kuhifadhiwa, yatungishwe yale tu yanayohitajika kwa mara hiyo. Na yakizidi kwa namna yoyote, yaachwe bila tiba mpaka uhai wake uishe wenyewe. Baraza la Makka, mwaka 2003, liliruhusu yaliyozidi yatumiwe kwa utafiti wenye wenyewe wakiridhia. Mimi niko na Jeddah. Wala sioni dharura iliyobaki, kwani Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha, kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007, kwamba seli ya ngozi ya mtu mzima yaweza kurudishwa utotoni ikawa na uwezo kama huo. Alipewa Nobel mwaka 2012. Wako wanaosema bado wanahitaji zote mbili, ili kulinganisha. Hoja hiyo hainitoshi kwa kuua.

Nasi Kenya hatuko mbali na haya. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, yasema uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa.

Mwaka jana mtoto wa ndugu yangu, aliyekaa miaka tisa katika ndoa bila mtoto, aliniletea karatasi aliyopewa na daktari. Ilikuwa na mahali pa kutia alama: yanayozidi yahifadhiwe, yatupwe, au yatolewe kwa utafiti. "Ami," akaniuliza, "nitie wapi?" Nikamwambia asitie popote kwanza, arudi aulize kama yaweza kutungishwa mawili tu, mengine yahifadhiwe kabla ya kutungishwa.

Daktari alisema yawezekana, ila akamweleza wazi kwamba nafasi ya kupata mtoto kwa mara hiyo hupungua, na gharama ya kurudia ni yake. Kijana akanyamaza. Mkewe, ambaye ndiye wa kudungwa sindano, akasema yatungishwe mawili.