Gari la Kwanza: Jipya kwa Ijara au Lililotumika kwa Taslimu?

Yako mambo machache ambayo mfanyakazi wa mjini huyatolea fedha nyingi kwa mkupuo mmoja. Kubwa kuliko yote ni nyumba, na baada ya nyumba huja gari. Mtu akipata kiinua mgongo, au zamu yake ya upatu ikifika, au jamaa aliyeko Maskati akimtumia msaada, mara nyingi wazo la kwanza ni gari. Wazo hilo halina aibu. Mwenye watoto wa shule na mzee wa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja usiku wa manane anaijua thamani ya kuwa na chombo mlangoni.

Taabu huanza katika namna ya kulipata. Ziko njia mbili zinazomvuta mnunuzi wa mara ya kwanza. Moja ni kuchukua gari jipya kwa mkataba wa kulipa kila mwezi, na nyingine ni kulipa taslimu gari lililokwisha tumika. Makala haya yanakusudia kuzipima njia hizo mbili kwa mizani ya maisha ya Unguja, maana ushauri unaofaa kwa mtu wa London au Nairobi huenda usimfae mtu wa Kikwajuni.

KWANZA PIMA HAJA YAKO

Hapana budi tuanze na umbali. Kisiwa chetu si kikubwa. Kutoka mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na Makunduchi ni mbali kidogo kuliko hapo. Mfanyakazi akaaye Michenzani na ofisi yake iko Vuga hatimizi hata kilomita kumi kwa siku, kwenda na kurudi. Gari lake litazeeka zaidi kwa kusimama kuliko kwa kutembea.

Mkaazi wa Mji Mkongwe ana la ziada la kufikiri. Vichochoro vya Mkunazini na Kiponda vilijengwa kwa ajili ya watu na mikokoteni, na gari halitamfikia mlangoni hata akilinunua kwa dhahabu. Ataliacha Malindi au Darajani, kwenye jua na upepo wa pwani, na usiku atalala akilifikiria.

Kwa hiyo chukua daftari, na kwa muda wa wiki mbili andika kila safari ambayo ungelitumia gari, pamoja na nauli uliyolipa kwa daladala na teksi. Mali bila daftari huisha bila habari. Iwapo hesabu itaonyesha kwamba unalihitaji gari siku za sikukuu na maziko ya shamba tu, basi teksi ya kukodi bado ni rahisi kwako, na fedha yako ibaki ilipo.

MAGARI YA JAPANI YALIVYOTUFIKIA

Wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo gari la mtu binafsi lilikuwa jambo la nadra mno. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na uagizaji ulisimamiwa na Serikali. Hali ilianza kubadilika katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1984 Tanzania iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe walizonazo nje, na hapa Zanzibar biashara ililegezwa wakati wa uongozi wa Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika madaraka ya Visiwani mwaka huohuo wa 1984.

Mlango ulipofunguka, Japani ndiyo iliyotufaa. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani wa magari yao uko kulia. Kadhalika, sheria yao hulazimisha gari jipya kukaguliwa baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama kubwa. Wengi wao huona heri kuliuza gari kabla ya ukaguzi kuliko kuligharamia. Ndiyo sababu Toyota Vitz, IST, Noah na Suzuki Escudo zimejaa katika barabara zetu, na vipuri vyake hupatikana kwa mafundi bila ya kungoja meli.

NJIA YA MKATABA

Ndugu msomaji, wengi wetu tunaogopa mkopo kwa sababu ya riba, na hofu hiyo ina msingi katika dini. Lakini yafaa tuelewe kwamba ipo mikataba isiyojengwa juu ya riba. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilifungua huduma za benki za Kiislamu mwaka 2011, na mwaka huohuo Amana Bank ilianza kazi Dar es Salaam.

Mikataba inayohusu gari ni miwili hasa. Wa kwanza ni murabaha. Benki hulinunua gari unalolitaka, kisha hukuuzia kwa bei iliyotajwa waziwazi pamoja na faida yake, nawe hulipa kidogo kidogo. Bei ikishaandikwa haipandi. Wa pili ni ijara. Benki hubaki kuwa mwenye gari, nawe hulipa kodi kila mwezi, na muda ukimalizika gari huhamishiwa jina lako. Kwa asili ya mkataba wa ijara, matunzo ya kawaida kama oili na matairi ni juu ya mpangaji, ama hasara kubwa isiyotokana na uzembe wake humwangukia mwenye mali, yaani benki. Usitie saini mpaka uoneshwe kifungu kinachosema hivyo, na kingine kinachoeleza gari litakuwa lako kwa njia gani na siku gani.

Gari jipya lina raha yake. Unajua kilomita zake zote kwa sababu umezitembeza mwenyewe, na miaka ya mwanzo hulijui fundi. Raha hiyo hulipiwa, na haya ndiyo malipo yake.

HESABU YA KARATASINI

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Wewe weka zako mahali pake.

Tuseme gari jipya ni shilingi milioni 60. Kianzio ni milioni 12, zikabaki milioni 48. Benki ikiweka faida ya asilimia 15 kwa mwaka juu ya fedha hiyo yote kwa miaka minne, faida itakuwa milioni 28.8. Basi utalipa milioni 76.8 kwa miezi 48, ambayo ni milioni 1.6 kila mwezi. Ukijumlisha na kianzio, gari limekugharimu milioni 88.8. Baada ya miaka minne ukiliuza kwa milioni 35, hasara yako ni milioni 53.8, yaani zaidi ya milioni moja na laki moja kwa kila mwezi uliolipanda.

Sasa tuseme gari lililotumika limekufikia mkononi, ushuru na yote, kwa milioni 18. Kwa miaka minne ukalitengeneza kwa milioni sita. Jumla ni milioni 24. Ukiliuza kwa milioni 11, hasara ni milioni 13, yaani kama laki mbili na elfu sabini kwa mwezi.

Hatukutia petroli wala bima. Hata hivyo, kumbuka kwamba maadamu gari lina deni, benki kwa kawaida itataka bima kubwa, wakati mwenye gari lake mwenyewe aweza kuridhika na bima ndogo ambayo sheria inamlazimisha.

Tofauti ya hesabu hizi mbili ni ada ya shule, ni bati la nyumba, ni tiba ya mzazi. Na tofauti iliyo kubwa zaidi haimo katika jumla. Mwezi ambao mshahara umechelewa au mtoto amelazwa, gari kuukuu huweza kuegeshwa chini ya mwembe likangoja. Malipo ya benki hayangoji.

MBUZI KWENYE GUNIA

Je, basi kila mtu akimbilie gari lililotumika? La hasha. Hesabu tuliyoifanya ni kweli kwa gari zima tu. Ukiuziwa mbuzi kwenye gunia, milioni sita za matengenezo zitakwisha mwaka wa kwanza.

Anayeagiza kutoka Japani na adai karatasi ya mnada. Magari mengi yanayouzwa nje hupitia minadani, na huko wakaguzi huandika hali ya gari kwa daraja. Gari la daraja la 4 au 4.5 liko katika hali nzuri. La 3.5 lina dosari za kawaida. Likiandikwa R au RA, fahamu kwamba limewahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye picha ya gari iliyochorwa katika karatasi hiyo, herufi S huonyesha kutu na C huonyesha pale kutu ilipoanza kula bati. Karatasi hiyo pia huandika kilomita. Zilinganishe na zile utakazoziona gari likishuka bandarini.

Herufi hizo mbili za kutu zitazame kwa makini kuliko zote. Kaskazini mwa Japani, mathalani kisiwa cha Hokkaido, chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, nayo hula chini ya gari. Kadhalika, mawimbi ya tsunami ya Machi 2011 yaliyazamisha maelfu ya magari katika maji ya bahari. Gari lililokuja na ugonjwa huo halitapona Unguja, ambako upepo wenyewe una chumvi na masika hujaza maji barabarani. Wakaazi wa Mwanakwerekwe wanaijua vyema habari ya maji hayo.

Anayenunua hapahapa mjini ana bahati ya kuliona gari kwa macho. Asiende na dalali peke yake. Aende na fundi anayemlipa mwenyewe, tena mchana wala si magharibi. Fundi alale chini aitazame chasisi na sakafu, agonge kwa bisibisi pale palipopakwa rangi mpya. Gari liwashwe likiwa baridi, maana lililopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Ufungue zulia la ndani na la buti ulinuse: harufu ya uvundo na matope makavu kwenye pembe ni dalili kwamba limewahi kuzama. Kisha lipelekwe kwenye njia ya mawe ya shamba, ambako shokapu na bushi hazina siri.

KARATASI NA USHURU

Bei ya Japani si bei ya Malindi. Ushuru huhesabiwa juu ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima ya safari, na ukubwa wa injini huongeza mzigo. Umri nao ni jambo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania Bara haikufunga, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari kuukuu. Basi kabla ya kutuma hata senti moja, nenda na mwaka wa gari, ukubwa wa injini na namba ya chasisi, ukaulize ofisi ya forodha utatozwa kiasi gani. Kuuliza si ujinga.

Kwa gari la hapa nchini, linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizomo katika kadi. Hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye kadi, na mkataba uandikwe mbele ya mashahidi. Usikabidhi fedha ukaahidiwa kwamba jina litabadilishwa baadaye.

NANI ACHUKUE LIPI?

Gari jipya kwa ijara au murabaha linamfaa mtu ambaye gari lenyewe litamlipia deni, kwa mfano anayechukua wageni kutoka uwanja wa ndege kwenda hoteli za Paje na Kiwengwa, ambaye siku moja ya gereji ni siku moja ya njaa. Linamfaa pia mwenye mapato ya uhakika, ambaye malipo ya mwezi hayatazidi sehemu ndogo ya mshahara wake.

Wengine, na hao ndio wengi wetu, watasalimika zaidi na gari dogo lililotumika, la aina inayojulikana na kila fundi, lililokaguliwa na kulipwa taslimu. Lakini sharti moja lisivunjwe: usitoe shilingi yako ya mwisho. Mwenye milioni 20 na anunue gari la milioni 16, nne zilizobaki ziwekwe kando kwa matairi, betri na yale yasiyotarajiwa. Magari mengi unayoyaona yamepandishwa juu ya mawe uani hayakufa kwa ubovu mkubwa. Yalikosa kipuri kimoja siku ambayo mwenyewe hakuwa na fedha iliyobaki.

Mwisho, jambo hili liamuliwe na nyumba nzima. Mume na mke wakae na daftari lile la wiki mbili, waandike mshahara, ada, chakula na deni lililopo, kisha waone gari litaingia mstari gani. Likikosa mstari mwaka huu, waendelee kuweka. Akiba haiozi, na kila mwezi meli huleta magari mengine.