Nozeli, betri na kopo la dawa ya kabureta

Injini ya Toyota 1NZ, ile iliyomo kwenye Vitz na IST nyingi za barabara zetu, ina nozeli nne za petroli. Juu ya kila moja kuna kichujio kidogo, katikati koili ya waya, chini vali inayobanwa na springi. Umeme ukipita, koili hugeuka sumaku, vali hunyanyuka kiasi cha unene wa karatasi, na petroli iliyosukumwa kwa baa 3 hivi hutoka ikiwa mnyunyizo laini. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nozeli hufunguka mara 25 kwa sekunde. Saa moja ya mwendo huo ni mara 90,000.

Inapoziba, wengi hulaumu kituo cha mafuta. Pengine ni kweli, lakini madhara makubwa hutokea gari likishazimwa. Petroli haipiti tena kuipoza ncha, joto la injini huipanda nozeli, na kile kitone kilichobaki hukauka kikaacha utando. Safari fupifupi za mjini huukuza utando huo upesi.

Baadaye gari hutetemeka likiwa limesimama injini ikiwaka, na hula mafuta. Sensa ya oksijeni hupima moshi wa silinda zote nne ukiwa umeshachanganyika, kwa hiyo nozeli moja ikitoa kidogo, kompyuta huziongezea zote. Silinda tatu zisizo na kosa hulishwa kupita kiasi kwa ajili ya moja.

Kifaa cha kuoshea nozeli ambacho mafundi hujitengenezea ni kopo la dawa ya kusafishia kabureta, kipande cha mpira wa petroli, vibano, swichi ya kubonyeza na betri. Mpira huunganisha kopo na nozeli. Dawa husukuma, kidole hubonyeza na kuachia. Huko kubonyeza ndiko kazi yenyewe. Nozeli iliyolowekwa usiku kucha bila umeme imejifunga, na dawa huishia nje ya vali. Ikipigwapigwa, dawa hupita mle mle petroli inamopita. Wenye kupenda elektroniki huweka chipu ya 555, aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971, iwashe na kuzima badala ya kidole.

Pima koili kwanza kwa multimita. Ya ohmu 12 hadi 16 huvumilia volti 12 kwa vipindi vifupi. Ya ohmu 2 au 3 ukiishikilia kwenye betri, utaiunguza.

Kwangu mimi, sehemu yenye thamani kuliko zote ni chupa nne za kioo zinazolingana. Nyunyiza kila nozeli kwenye chupa yake kwa muda ule ule, kisha uzipange upande kwa upande. Iliyo dhaifu utaiona kwa macho, na inayovuja hali umeme umezimwa itajisaliti yenyewe. Gereji kubwa hutumia mirija yenye vipimo kwa kipimo hicho hicho, na huongeza bafu la mawimbi ya sauti linalobandua kaboni iliyogandamana. Kopo halina nguvu hiyo.

Mvuke wa dawa hii hulipuka, na swichi hutoa cheche. Fanya kazi uwanjani, swichi na betri vikiwa mbali na mnyunyizo, macho yamekingwa. Dawa ya breki yenye klorini usiiguse kabisa kwa kazi hii, kwani ikikutana na moto hutoa fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza.

Injini zilizoandikwa D-4 hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa makumi ya baa, na dizeli za kisasa kwa zaidi ya baa 1,000, msukumo unaoweza kutoboa ngozi ya mkono. Hizo zipelekwe kwa fundi mwenye mashine yake. Kwa hizi nyingine, ukishaosha, tupa oringi (pete za mpira) za zamani na uweke mpya kabla ya kurudisha nozeli: iliyokakamaa huvujisha petroli juu ya injini yenye moto.