Mngurumo wa sauti ya chini

Waya wa maiki ulikatika katikati ya wimbo. Mpiga ngoma akasimama, gitaa likanyamaza, lakini mwimbaji alikuwa amefumba macho na akaendelea hadi mwisho wa mstari wake. Sauti iliyokuwa ikinitikisa kifua muda mfupi uliotangulia ilikuwa imeyeyuka. Kilichobaki ni mkwaruzo mzito wa kooni, kiwango cha mazungumzo ya watu wawili mezani. Tungeweza kuongea juu yake bila kupaaza sauti. Shingo ilikuwa imelegea. Hakuna mshipa uliosimama.

Anayepita nje ya chumba kile, kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili majirani wasilalamike, angeapa kwamba ndani kuna mtu anayejipasua koo. Kumbe aliye ndani anafanya jambo lililo karibu zaidi na kunong'ona kuliko kupiga kelele. Hilo lilinikaa kichwani hadi nikarudi kumtafuta mwimbaji huyo wa metali.

Mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe. Mama yake ni mwanachama wa chama cha akina mama kanisani, na mchana kijana mwenyewe hupokea simu za wateja wa kampuni moja hapa Nairobi. Kazi hiyo nayo ni ya koo. Kuanzia asubuhi hadi jioni anawatuliza watu waliokasirika, kwa sauti laini ya kijana aliyelelewa vyema, kisha jioni anapanda matatu kwenda mazoezini. Sauti ikimpotea usiku, kesho yake hana kazi. Ndiyo maana, anasema, hana ruhusa ya kunguruma vibaya.

Kwenye kundi lao anaitwa Fundi, nami nitamwita hivyo hivyo.

"Mzee wangu, inua ile jerikani," aliniambia siku nilipomuuliza inakuwaje. Ilikuwa ya lita 20, imejaa maji. Nikaiinua. "Sasa usiiteremshe. Sikiliza hapo kooni. Kuna mahali pamejifunga, sivyo?" Kweli palikuwa pamejifunga. "Hapo ndipo pananguruma. Teremsha jerikani, acha pale palivyo, kisha achia pumzi kidogo tu."

Nilitoa sauti ya mlango wa zizi. Mpiga gitaa aliinama akacheka hadi akakohoa. Fundi hakucheka, aliniomba nirudie bila kukaza mabega.

Ndani ya zoloto kuna jozi mbili za mikunjo. Ya chini ndiyo nyuzi za sauti tunazozungumzia na kuimbia, ambazo kwa mwanamume hugongana takriban mara 100 kwa sekunde anapoongea. Juu yake kuna jozi ya pili, nene zaidi, ambayo madaktari huiita nyuzi bandia. Katika usemi wa kawaida hii hukaa pembeni. Hujifunga tunapomeza, tunapokohoa, au tunapobana pumzi ili kuinua mzigo. Mngurumaji huisogeza karibu kwa makusudi na kuiacha itetemeke ovyo ovyo juu ya pumzi inayopita. Waimbaji wa Tuva, kusini mwa Siberia, wanajua mlango huo tangu zamani: katika mtindo wao wa kargyraa, nyuzi za juu hutetemeka kwa nusu ya kasi ya zile za chini, na sauti ikashuka oktavu nzima. Huko Utah, Marekani, wataalamu wa sauti wamempitishia kamera puani Will Ramos, mwimbaji wa bendi ya Lorna Shore, wakatazama tishu za juu ya nyuzi zake zikijikunja na kupepesuka alipokuwa akitoa sauti ambazo ungedhani ni za mnyama.

Fundi amezitazama picha hizo mara nyingi kwenye simu yake. Anazisimamisha, anazikuza, ananionyesha kwa ncha ya kidole: hapa pamefunguka, hapa panacheza, hapa pamepumzika. Anaongea kuhusu koo jinsi makanika anavyoongea kuhusu kabureta, na utamu wa maelezo yake unamfanya msikilizaji asahau kwamba kinachoelezwa ni nyama ya mtu.

Nguvu, anasema, ni kazi ya maiki. Mngurumaji hutengeneza umbile la sauti; amplifaya ndiyo inayoikuza. Kazi yake yeye ni tumbo: pumzi itoke sawasawa, isikatike, isisukumwe. Vijana wengi huanza kinyume chake. Wanasikia sauti kubwa, wanadhani imetengenezwa kwa ukubwa, basi wanapiga mayowe kwa nyuzi za chini mpaka zinavimba. Na yeye alianza hivyo. Alikohoa wiki nzima, akamdanganya msimamizi wake kwamba ana mafua. Anayeendelea hivyo kwa miaka anaweza kuota vinundu kwenye nyuzi, na hapo hata kuimba "Bwana asifiwe" kutamshinda.

Kabla ya kuanza hunywa maji ya uvuguvugu. Chai ya maziwa hagusi, kwa sababu anaamini huongeza makohozi, ingawa mpiga besi anaiona hiyo kuwa imani tu na hunywa yake palepale mbele yake. Kisha anashusha pumzi kwa mguno mdogo, tena na tena, hadi mguno uote kutu. Mwalimu wa sauti wa New York, Melissa Cross, aliuza mafunzo ya namna hii kwenye DVD tangu katikati ya miaka ya 2000, na Fundi aliyapata kwa njia ambazo hakutaka kunieleza.

Upande wa pili ni sikio. Mngurumo si rahisi kusikilizwa, na Fundi hajifanyi kwamba ni rahisi. Anaona haya kidogo kwa mashabiki wanaodai waliupenda tangu mara ya kwanza. "Waongo," anasema. "Mara ya kwanza kila mtu husikia mbwa."

Ana mpangilio wa kumzoesha mtu, nao umewaponza marafiki zake kadhaa. Kwanza, usitafute maneno. Chukulia sauti ni ngoma nyingine, ufuate inapoangukia: pamoja na teke la ngoma kubwa, au kati ya mateke mawili. Pili, anza na bendi ya Opeth ya Stockholm, kwa sababu mwimbaji wao, Mikael Åkerfeldt, hunguruma kisha akaimba kwa sauti safi ndani ya wimbo mmoja, na sikio linapata mahali pa kupumzikia. (Opeth wenyewe waliacha kunguruma kwenye albamu yao ya 2011, Heritage, wakazusha ugomvi mkubwa kwa mashabiki. Mngurumo uliporudi kwenye albamu ya 2024, watu wazima walishangilia kana kwamba ndugu yao ametoka jela.) Tatu, soma mashairi huku wimbo unalia, mara moja tu, kisha yaweke kando. Baada ya hapo, anasema, maneno yatajitokeza yenyewe.

Nilimfuata. Nilisikiliza ndani ya matatu, vipokea sauti masikioni, jirani yangu wa kiti akinitazama kwa wasiwasi kila kilichovuja kilipomfikia. Kwa muda mrefu hapakuwa na lolote. Halafu, bila tangazo, nikaanza kusikia konsonanti. Kwanza zile za mdomoni, "p" na "b" na "t", kwa kuwa ulimi na midomo havingurumi. Vinafanya kazi yake ya kila siku. Vokali ndizo zinazomezwa. Nikatambua vilevile kwamba waimbaji wawili niliowadhani kuwa mtu mmoja walikuwa mbali sana: mmoja alikuwa na pumzi ndefu yenye maji maji, mwingine alibweka mafungu mafupi makavu.

Hapo ndipo ubishi wa mashabiki ulipoanza kuniingia akilini.

Asiyeujua muziki wa metali huona ugomvi wa matawi yake kama ugomvi wa majina matupu. Shina linajulikana: Birmingham, Uingereza, Black Sabbath, 1970. Kutoka hapo likagawanyika na kugawanyika tena. Thrashi, ambamo mwimbaji hufoka kwa sauti yake halisi. Dethi metali, ya Possessed wa California mwaka 1985 na Death wa Florida mwaka 1987, ambako sauti ilishuka hadi kooni. Bleki metali, iliyopata jina kutoka albamu ya Venom ya 1982 na sura yake ya leo huko Norway mwanzoni mwa miaka ya 1990: ukwenzi mwembamba, wa juu, kana kwamba umerekodiwa kutoka chumba cha pili. Graindikoo ya Napalm Death, ambao kwenye albamu yao ya 1987, Scum, waliweka wimbo wa sekunde moja na ushei. Dumu metali, ile ya mwendo wa konokono, ambayo Vale of Amonition wameipiga Kampala. Dethikoo, metalikoo, na vijukuu vingine ambavyo Fundi mwenyewe hukunja uso akivitaja.

Mchana mmoja walibishana kuhusu Duma. Hawa ni Wakenya wawili, Martin Kanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ilitolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusifiwa huko Ulaya kuliko hapa nyumbani. Ndani yake kuna mayowe ya Kanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, juu ya midundo ya mashine inayokimbia kuliko mkono wa binadamu.

"Hiyo si metali," alisema mpiga gitaa. Hoja yake ilikuwa rifu. Bila mistari ya gitaa inayobeba wimbo, alisema, una kelele nzuri lakini huna metali. Yuko na wenzake wengi duniani: Encyclopaedia Metallum, kamusi ya bendi iliyoanzishwa Montreal mwaka 2002, hupima kwa kigezo hicho hicho cha rifu, na ndiyo maana kwa miaka mingi Slipknot na Korn, waliojaza viwanja, hawakuwamo.

"Kwa hiyo mlinzi wa geti ni gitaa?" aliuliza Fundi. Yeye alishikilia kwamba kinachoitambulisha metali ni koo na nia. Mpe Kanja ngoma ya kizazi chochote, ya mashine au ya ngozi, bado atakuwa anafanya kile kile. Mpiga ngoma, aliyekuwa akifunga fimbo zake kwa plasta, aliingilia kati akasema kwamba kama kigezo ni koo, basi morani wa Kimaasai wanaokoroma kwa zamu nyuma ya kiongozi wao ni dethi metali, na Opeth wa 2011 hawana chao. Akadhani amemaliza maneno. Fundi akamjibu kwamba hakuna aliyewahi kumwambia morani wananguruma vibaya, na kwamba hajaona kwa nini aone aibu kuanzia hapo badala ya Birmingham.

Mimi nilikuwa upande wa Fundi, na bado niko, ingawa hoja ya morani ilimpeleka mbali kuliko alivyokusudia. Mtu akifundisha sikio lake mpaka litofautishe pumzi mbili, ana haki ya kutaka kila moja iwe na jina.

Kuna swali nililokwenda nalo kwake nikijua halimpendezi. Nyimbo nyingi za dethi metali zinaimba maiti, visu na matumbo yaliyopasuliwa. Sikio likizoea, moyo hauzoei? Mwaka 2019 Bill Thompson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Macquarie, Sydney, walilijaribu hilo kwa wimbo wa bendi ya Bloodbath, "Eaten", ambao mwimbaji wake anatamani kuliwa. Walimwonyesha kila msikilizaji picha mbili kwa wakati mmoja, jicho moja ya ukatili na jicho jingine ya kawaida. Ubongo hauwezi kuziona zote pamoja, na kwa kawaida hung'ang'ania ile ya ukatili, kwa kuwa hatari haisubiri. Mashabiki waling'ang'ania vilevile kama wasio mashabiki. Hawakuwa wamekufa ganzi.

Fundi alisikiliza maelezo hayo, akatikisa kichwa polepole. "Sawa," akasema. "Lakini wao walipima macho." Kilichomsumbua yeye ni kingine. Wimbo wake mmoja unamhusu binamu yake aliyeuawa. Aliuandika kwa machozi, na anauimba kila onyesho, na watu wanarukaruka na kugongana mabega, jasho likiwatoka, hakuna hata mmoja anayejua wanachorukia. Angeuimba kwa sauti safi wangenyamaza. Hataki wanyamaze. Hana uhakika kama anataka wajue. Nilimuuliza basi anamwimbia nani. Alikwenda kutafuta solda ya kuunga waya wa maiki.

Mama yake hajawahi kufika mazoezini, japo Fundi anashuku anajua. Jumapili Fundi bado anaimba besi kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya amemsifu kwamba pumzi yake imeongezeka siku hizi, akataka wenzake waulizie anakofanyia mazoezi.

Walikuwa na onyesho Jumamosi iliyofuata, na bango lilitakiwa kwa mchapaji kabla ya saa kumi na moja. Chini ya jina la bendi palihitajika neno moja au mawili ya kueleza ni muziki gani. Mpiga gitaa alitaka "dethi metali". Mpiga besi alisema hawajafika kasi hiyo, waandike "dethikoo", na hapo wote watatu wakamrukia. Fundi alitaka "metali", basi. Walipompigia mwenye baa kumwomba muda, aliwaambia ameshaandika mwenyewe "Usiku wa Roki", kama anavyoandika kila mwezi, na kwamba kilichobaki ni wao kumwambia nani analipia spika za kukodi. Ubishi ukahamia huko.