Mtoto wetu na mwalimu wa ndani ya simu



Katika mikutano yetu ya AVEC swali moja linarudi kila mara: mtoto anashinda kwenye simu, anasema anajifunza Kiingereza. Je, ni kweli ama anatudanganya? Tuliwauliza watoto wetu wa Masisi na Walikale wanaosoma chuo kikuu.

Wengi wanasema kweli. Kuna programu, kama ChatGPT iliyotoka Marekani mwezi wa 11 mwaka 2022, ambazo ukiziandikia zinakujibu. Watoto wetu walisoma kwa Kifaransa. Lakini nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mashirika mengi yakitafuta wafanyakazi yanaomba Kiingereza. Msichana mmoja alituambia kwamba darasani akikosea wenzake wanacheka, lakini simu haimcheki, hata akiuliza mara kumi.

Si wote wanaoisifu. Kijana mmoja aliiachia simu iandike kazi yake yote. Mwalimu alipomwomba aieleze kwa mdomo, alinyamaza. Na mama yake alikuwa ameuza mbuzi ili alipe masomo hayo.

Tuelewe jambo moja. Mashine hiyo imelishwa maandishi mengi sana, nayo inapanga maneno kufuatana na ilivyozoea kuyaona. Ndiyo sababu Kiingereza chake ni kizuri, lakini habari inayotoa inaweza kuwa ya uongo, tena inaisema bila kusita.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto aandike mwenyewe, kisha aombe simu imwonyeshe kosa na sababu yake.

Pili, asiandike humo majina ya jamaa wala mahali familia ilipokimbilia. Huku kwetu habari kama hiyo haitupwi ovyo.

Tatu, azungumze Kiingereza na wenzake. Vidole vikiandika tu, ulimi unabaki mzito.

Nne, jioni mwambie akueleze kwa Kiswahili alichojifunza. Hata kama hujui neno moja la Kiingereza, utatambua kama ameelewa ama anababaika.

Mega tunazowanunulia ni jasho la shamba. Hatusemi tuwanyang'anye simu. Tukae nao, tuwaulize. Juma lijalo, kila mama alete kikundini jibu alilopewa na mtoto wake.