Kununua Suzuki RG500 Gamma

Ni chache mno pikipiki za barabarani zilizopata kuukaribia uwanja wa mashindano kama Suzuki RG500 Gamma, iliyotoka Japani mwaka 1985 na kukoma kuundwa kabla ya muongo ule kwisha. Kwani injini yake, yenye silinda nne zilizopangwa mraba, mbili mbele na mbili nyuma, ni ya nasaba moja na ile aliyoitumia Mwingereza Barry Sheene kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 na 1977. Kwa sentimita za ujazo 498 tu ilitoa nguvu za farasi 95, na kwa sababu hiyo watu hadi leo huitafuta kwa shauku, nao madalali wanaijua shauku hiyo na kuitoza bei.

Mnunuzi aghalabu hutazama rangi, ilhali aibu ya chombo hiki imo batini. Injini ya mipigo miwili huwaka kila krenki inapozunguka mara moja, na ile ya mipigo minne huwaka mara moja katika mizunguko miwili. Lakini fadhila hiyo ina masharti, maana mchanganyiko wa hewa, petroli na oili hupita kwanza katika chumba cha krenki, chini ya pistoni, ndipo usukumwe juu kwenye silinda. Chumba hicho sharti kizibwe barabara, na kazi ya kukiziba katika ncha za krenki wameachiwa walinzi dhaifu, yaani sili za mpira, ambazo pikipiki ikilazwa bandani miaka mingi hukauka na kuwa ngumu. Sili ya nje ikivuja, hewa ya ziada huingia, petroli hupungua katika mchanganyiko, joto hupanda kupita kiasi, na pistoni hukwama ghafla au hutoboka. Sili ya upande wa gia ikivuja, oili ya gia hufyonzwa ndani na kuungua, na moshi mweupe hauishi hata injini ikisha kupata moto. Gamma ina krenki mbili, na kuzifikia sili zote ni kuishusha injini na kuipasua.

Kwa hiyo muuzaji na aombwe ruhusa ya vipimo viwili: shinikizo la kila silinda, ambalo zote nne zinapasa kukaribiana, na uzibaji wa vyumba vya krenki, ambao fundi huujua kwa kuziba njia za kuingilia na kutokea, kutia hewa kidogo, na kutazama kama sindano ya geji inashuka. Mimi ningeiacha pikipiki inayong'aa ambayo mwenyewe anakataa isipimwe, nikaichukua iliyochujuka rangi lakini imekuwa ikiendeshwa kila msimu, tena na mtu mwenye kuhifadhi risiti zake.

Pana hadaa nyingine inayotaka tahadhari. Japani, ambako leseni ya pikipiki kubwa ilikuwa ngumu kupatikana, Suzuki iliuza pia RG400, ambayo kwa umbo na fremu ni pacha wa Gamma, na thamani yake ni ndogo. Kuivisha mavazi ya kaka yake si kazi kubwa. Nambari ya fremu ya 500 huanzia HM31A, na ya 400 huanzia HK31A. Basi isomwe kwenye chuma chenyewe, ilinganishwe na hati, na utazamwe usafi wa rajamu, kama haikusuguliwa wala kupigwa upya. Zihesabiwe pia eksozi nne, mbili chini na mbili mkiani, na ulizo lifanywe kama pampu ya oili ingali kazini, kwa kuwa wako wamiliki waliopita walioing'oa na kuchanganya oili katika tangi kwa mikono. Hilo si kosa, ila asiyeambiwa atatia petroli tupu na kuiua injini siku hiyo hiyo.

Ikisha kununuliwa, isiwashwe kwa pupa. Tangi lioshwe kutu, petroli ya zamani imwagwe, kabureta zote nne zifunguliwe, na sili zibadilishwe hata kama vipimo vimetoka vyema, maana mpira wa miaka ile hauna muda mrefu. Na kwenye mteremko mrefu mwendeshaji asiufunge moto, yaani mpini wa petroli, kabisa huku gia ikiizungusha injini kwa kasi, kwa sababu oili ya injini hii huja kwa kiasi moto unavyofunguliwa, na pistoni zinazokwenda mbio pasipo oili ya kutosha haziwezi kustahimili. Bora ashike klachi, au aufungue moto kidogo mara kwa mara mpaka afike chini.